Mpini Umwelekee Mwenzako

20 Ramadhani 1411, Jumamosi. Kismayo.

Leo nimefunga chuo. Wanafunzi wa nahau waliobaki walikuwa wanne, nao wazazi wao wamewaita majumbani. Nimefuta ubao, nimekusanya kalamu za matete na kuzichonga zote upya, ingawa hapana wa kuziandikia. Mkono uliozoea kazi hauambiwi kwamba kazi imekwisha. Kurasa za nyuma za daftari hili ni tupu, basi nitaandika humu mpaka Mwenyezi Mungu atufikishe anakotufikisha.

Kisu nilichochongea ni cha marehemu baba yangu. Ni kisu cha kukunja chenye ubapa mmoja na mpini wa pembe, alichokinunua papa hapa siku za Mtaliano. Wengi huhukumu kisu kwa kukitazama, mimi hukisikiliza. Kikifunguliwa kitoe mlio mmoja mfupi kama ulimi wa mtu mwenye kukataa jambo, na kikifungwa hivyo hivyo. Mlio wa pili ni dalili ya springi iliyochoka. Kisha ushike ubapa kwa vidole viwili uutikise: ukicheza hata unywele mmoja, mrudishie mwenye duka. Makali mimi huyapima kwa tete. Kisu chema hupasua ncha ya kalamu kwa msukumo mmoja, na mpasuo hufuata nyuzi za tete bila kupotoka. Kibovu hutafuna.

Kisu hiki ndicho kilichokata kitovu changu, kikakata na cha binti yangu Ibtisam. Yeye sasa ana mimba ya mwezi wa nane. Mumewe, Tariq, yuko Mombasa kazini, na ametuma maneno kwamba tumvushe mkewe mpaka Kiunga, ng'ambo ya mpaka, naye atakuja kutupokea. Mizinga inasikika upande wa barabara ya Jilib. Dua yangu ya msimu huu ni moja tu: mtoto azaliwe salama, na mama yake amwone mumewe. Kwa mengine nitashukuru yatakavyokuja.

22 Ramadhani, Jumatatu.

Joto. Maji ya kisima bado matamu, alhamdulillahi.

24 Ramadhani, Jumatano.

Jirani yangu Idarus amefuturu kwangu na mkewe, Bi Khamisa, mkunga wa mtaa wetu. Idarus alikuwa baharia wa meli za mizigo. Amefika Aden, Jidda na Napoli, na hakurudi na adabu ya bandari hata moja. Husema akiwa na chakula kinywani, na hucheka kabla ya kufika mwisho wa kichekesho.

Tulipokwisha kula tambi akatoa kisu chake. Mtaa mzima wanakijua kisu hicho. Mpini wake ni wa plastiki nyekundu, na ndani yake mmejaa vyuma: bapa mbili, mkasi, tupa, bisibisi, kijiko, cha kufungulia makopo, na chuma kimoja kilichosokotwa kama mkia wa kinyonga.

"Hicho cha nini?" nilimuuliza, ingawa nakijua.

"Cha kutolea vizibo, Maalim Mbaraka."

"Vizibo vya nini?"

"Vya chupa za dawa."

"Dawa gani hiyo ya Waislamu inayozibwa kwa gome la mti?"

"Dawa ya kikohozi cha Wataliano," akasema, akacheka peke yake hata Bi Khamisa akamfinya.

Akaninyooshea kisu nikione. Sikukipokea. Kwetu kisu hakipokezanwi mkono kwa mkono, maana hukata udugu. Huwekwa chini, mpini umwelekee mwenzako, naye akiokote kwa Bismillahi. Baba yangu hakunipa kisu mkononi hata siku moja, wala mimi sikumpa mtu.

"Maalim, udugu wenyewe uko wapi wa kukatwa?" akasema Idarus. Hata hivyo alikiweka chini.

Nikakiokota nikakifungua. Ubapa mkubwa ulicheza kushoto na kulia kama jino la mtoto wa miaka sita. Makali yalikuwa na mikwaruzo ya ovyo, kwani Idarus hunoa kwenye ngazi ya saruji mlangoni pake. Miaka yote nimeisikia sauti hiyo ukutani, kama mtu anayetafuna mchanga. Nimempa kinoo changu mara mbili, akakitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.

"Kisu cha kazi kumi hakina hata moja," nikamwambia.

"Na mchu mwenye kisu cha kazi moja, siku ikimjia kazi ya pili afanyeje?" Ndivyo asemavyo, mchu kwa mtu.

"Aende kwa jirani."

"Ndiyo maana Mungu akakujaalia mimi."

Ibtisam alicheka, mkono juu ya tumbo. Hajacheka wiki hii. Kwa hilo nimemsamehe Idarus chakula chake kinywani.

27 Ramadhani, Jumamosi.

Nyumba tatu za mtaa wetu zimehamwa. Mmoja amesahau paka. Ibtisam amemlisha.

Mfunguo Mosi 1, Jumanne.

Sikukuu. Tumeswali wachache, tukapeana mikono haraka. Hapana baraza, hapana watoto wenye nguo mpya. Idarus alipita na sahani ya halua akasema kwamba amepata mashua ya mashine itakayokwenda kisiwa cha Chovae, njia ya Kiunga, na nafasi ni za watu wanne. Nilimwuliza kwa nini hakuwapa jamaa zake. Akasema jamaa zake wote hawajui kukunja uso kama mimi, na safari ndefu yataka mtu wa kutazamwa. Nikamshukuru kwa maneno machache, kama astahilivyo mtu mwenye maneno mengi.

Mfunguo Mosi 6, Jumapili.

Tunaondoka. Nimechukua msahafu, kitita cha kalamu, daftari, kinoo na kisu. Nimekitia kisu tone la mafuta ya nazi kwenye maungio nikakifuta, maana adui wa kisu cha kukunja si kazi. Adui wake ni chumvi ya bahari.

Mfunguo Mosi 7, Jumatatu. Chovae.

Tumefika. Tu hai sote wanne. Nitaandika ya jana yalivyokuwa, nisije nikayapamba baadaye.

Njia ya kuteremkia ufukweni ilikuwa imezibwa kwa kamba iliyofungwa kwenye mapipa mawili. Hapo walisimama wenye bunduki. Sijui walikuwa wa upande gani, wala wao hawakuuliza sisi tu wa nani. Waliuliza tuna nini. Wanawake walivuliwa bangili. Ibtisam alisimama nyuma yangu, ameshika mgongo wa kanzu yangu kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Idarus na Bi Khamisa walikuwa kando yetu.

Aliyetupekua alikuwa kijana mwenye ndevu za kuhesabika, macho mekundu. Alinipapasa akagusa kisu mfukoni.

"Waryaa, oday! Mindida keen!" Yaani, wewe mzee, lete kisu. Akanyoosha mkono.

Nikakitoa. Sikukusudia ubishi wowote, Mungu ni shahidi. Nilifanya nilivyofundishwa na nilivyofanya maisha yangu yote: niliinama, nikakiweka kisu mchangani mbele ya miguu yake, mpini umwelekee yeye.

Kijana aliutazama mkono wake mtupu, kisha akatazama chini.

"Unanitupia kitu mchangani? Mimi mbwa?" akasema kwa Kisomali, na nikasikia bunduki ikikokiwa.

Nilihisi vidole vya Ibtisam mgongoni. Niliona mdomo wa bunduki, na kutu ndogo pembeni mwake. Naona haya kuandika kwamba niliiona ile kutu nikawaza kwamba haikupakwa mafuta.

Ndipo Idarus akacheka.

Alicheka kwa sauti kubwa, kama kwamba yuko barazani. Kijana akamgeuzia macho.

"Ndugu yangu, huyu mzee usimjibu," Idarus akamwambia kwa Kisomali cha bandarini. "Huyu hata marehemu mkewe hakumpa kisu mkononi. Mke alikuwa akikata kitunguu, kisu mpaka kiwekwe chini, wakae wakitazamane kama wanaoposana. Kwao ukimpa mtu kisu mkono kwa mkono umemtakia ugomvi. Ukikiweka chini na mpini wamwelekea, umesema: wewe ni ndugu yangu, sitaki tugombane. Sasa mimi nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka na miaka, juzi tu ndiyo kaniwekea mimi. Wewe kakufanya ndugu siku ya kwanza! Nimeona wivu."

Mwenzake mmoja aliyekuwa amekalia pipa akacheka. Kijana hakucheka, ila bunduki ilishuka kidogo. Akaokota kisu. Akajaribu kukifungua, springi ya baba yangu ikamkatalia, akauvunja ukucha. Alipokifungua akakigeuzageuza.

"Ubapa mmoja tu?"

"Mmoja tu," akasema Idarus. "Cha kizee. Tazama kisu cha mchu mzima." Akatoa kile chake chekundu, akaanza kufungua chuma kimoja kimoja, akiviita kwa majina kama mtu anayewatambulisha watoto wake. Mkasi. Tupa. Kijiko, ukila wali vitani. Alipofika kwenye ule mkia wa kinyonga kijana akauliza ni cha nini, naye akajibu: "Cha kumtoa jini kwenye chupa." Wote wawili wakacheka sasa, na Idarus akamtia kisu kile mkononi mwa kijana, akamfunga vidole juu yake. "Chukua. Nilikinunua Napoli. Kimekula bahari saba."

Kijana akakitupa kisu changu mchangani. "Chukua chako, mzee." Akainua kamba.

Tulipita chini yake wanne. Sikugeuka mpaka tulipokuwa majini hadi magotini. Katika mashua Idarus alikaa kando yangu. Mara moja mkono wake ulikwenda mfukoni kama kawaida yake akitaka kitu cha kuchezea, ukarudi mtupu.

Nilisema, "Idarus, Mungu akulipe."

Akasema, "Ubapa ulikuwa unacheza, Maalim. Wewe mwenyewe umesema."

Mfunguo Mosi 9, Jumatano.

Tumepewa chumba na watu wema wa hapa, ukuta wa mawe, paa la makuti. Hawakutuuliza tutakaa muda gani.

Kisu kimeingia mchanga na maji ya chumvi. Nilikifungua nikasikia sauti ya saruji ya Idarus ndani ya maungio. Maji matamu hapa ni adimu, lakini mwenye nyumba alinipa kikombe. Nimemwaga nusu polepole juu ya msumari unaoshika ubapa, nikifungua na kufunga, nikachokoa mchanga kwa uti wa ukuti uliochongwa mwembamba. Chuma hakichokolewi kwa chuma. Nimekikausha juani, kimefunguliwa nusu, kisha tone la mafuta. Nusu ya kikombe iliyobaki amekunywa Ibtisam. Mlio umerudi kuwa mmoja.

Mfunguo Mosi 12, Jumamosi.

Masika yamefika. Mvua tangu asubuhi. Kila chombo cha nyumba hii kimewekwa nje kukinga maji, hata kifuniko cha sufuria. Namshukuru Mola kwa neema hii yenye matope.

Idarus alitaka kukata kamba ya kufungia turubai. Mkono ukaenda mfukoni. Nikaweka changu chini mbele yake. Alikata, akakirudisha chini, mpini kwangu. Hakusema kichekesho. Ningependa angesema.

Mfunguo Mosi 15, Jumanne.

Mvua. Mashua za kwenda Ras Kamboni hazitoki. Ibtisam ana maumivu ya kiuno. Bi Khamisa asema bado.

Mfunguo Mosi 18, Ijumaa.

Uchungu ulimshika Ibtisam baada ya alfajiri. Wiki zilikuwa hazijatimia. Bi Khamisa alituambia tutoke, akafunga kanga mlangoni. Tukakaa chini ya upenu, mimi na Idarus, mvua ikituingia miguuni.

Mpaka mchana hapakuwa na mabadiliko. Nilisoma nilichokihifadhi. Kila Ibtisam alipolia Idarus alisimama, akakaa, akasimama. Wao hawakujaaliwa mtoto. Sijapata kumwuliza habari hiyo, wala yeye hajapata kuisema, na yeye huisema kila habari.

Karibu na adhuhuri Bi Khamisa alitoa kichwa. Uso wake ulikuwa wa kazi, hauna salamu.

"Mtoto yu karibu, lakini mama amechoka. Nataka maji ya moto, mengi. Na nataka kisu."

Mwenye nyumba akaleta kisu chake cha samaki. Bi Khamisa akakitazama. "Hiki kimekula papa jana. Wembe je?" Hapakuwa na wembe mpya; duka la kisiwa lilikuwa tupu tangu Ramadhani. Akanigeukia. "Maalim, nipe chako. Nakwona unakiosha kuliko unavyojiosha mwenyewe. Ndicho chuma pekee ninachokijua hakijagusa samaki."

Maji tulikuwa nayo, ya mvua. Moto hatukuwa nao. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Idarus alipuliza makuti mpaka macho yakamvimba, akapata moshi tu. Kiberiti kilikuwa kinakwisha.

Nikakumbuka kitita changu. Kalamu za matete zilikuwa ndani ya nguo, kavu kama mifupa, nyembamba, zimechongwa. Nyingine nilizichonga kwa ajili ya wanafunzi ambao sasa ni walimu. Nikazileta. Idarus alizitazama, akanitazama.

"Zote?"

"Zote."

Zilishika kwa njiti moja. Moto wa matete una sauti, hupasuka kwa furaha. Makuti yakakauka juu yake, kisha vijiti, kisha kuni.

"Leo ndiyo zimeandika, Maalim," akasema Idarus, na machozi ya moshi yakimtiririka.

Maji yalipochemka nilikishika kisu kwa mpini nikauchovya ubapa. Bi Khamisa akaniona kwa upenyo wa kanga.

"Chote, Maalim. Uchafu hukaa kwenye maungio."

Pembe huharibika kwa maji ya moto. Huvimba, huacha msumari wake. Kila aliyepata kisu chema ajua hilo. Nikakidumbukiza chote. Nikahesabu kwa Kulhuwallahu, nikakitoa kwa vijiti viwili vilivyochemshwa nacho. Nilinawa mikono kwa maji ya moto mpaka ikawasha, nikakishika, nikakifungua. Mlio mmoja.

Bi Khamisa alitoa mkono nje ya kanga. Nikainama kutaka kukiweka kizingitini, mpini umwelekee yeye.

"Mkononi!" akapiga kelele. "Chini kuna matope! Mkononi, Maalim!"

Nikamtia mkononi.

Hapo nilisimama nimeinama, mkono umebaki hewani. Nilisikia Ibtisam akilia sauti nisiyoijua, kisha kimya, kisha kimya zaidi. Idarus alinishika kiganja. Sikukiondoa.

Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyekatizwa maneno.

"Mwanamke!" akasema Bi Khamisa ndani. "Na mama mzima. Semeni alhamdulillahi, mmekaa kama magogo!"

Tukasema. Tulisema tena na tena. Idarus alikimbia mvuani kuwaambia watu ambao wote walikuwa wamesikia.

Ibtisam amempa jina la mama yake, Tima. Nimemwadhinia sikioni. Ni mdogo kama mkate wa mofa, na ana ngumi.

Mpini umevimba upande mmoja na umekuwa mweupe. Siutazami kama hasara.

Mfunguo Mosi 24, Alhamisi.

Siku ya saba. Bi Khamisa amepata wembe mpya kwa mashua iliyotoka Kudhaa, akamnyoa. Idarus amembeba akimweleza habari za Napoli. Mtoto alilala.

Mfunguo Pili 3, Jumamosi. Ras Kamboni.

Mvua imepumzika, tumesafiri. Bahari ilitutikisa lakini haikututaka. Ibtisam alitapika, Tima hakushughulika.

Mfunguo Pili 5, Jumatatu. Kiunga.

Tumevuka. Nilipokanyaga nilisujudu mchangani. Idarus alisujudu kando yangu, akachelewa kuinuka, nikadhani anaomba. Alikuwa anatafuta kiatu chake. Lakini nadhani aliomba pia.

Mfunguo Pili 11, Jumapili.

Tumepewa vyumba viwili vya ua mmoja, wenye birika la saruji la kuwekea maji. Baada ya alasiri nilimwita Idarus kwenye mkeka. Nilikuwa nimekinoa kisu kwenye kinoo, duara ndogo ndogo, kisha kwenye ngozi ya kiatu, mpaka kikanyoa unywele wa mkono. Nikakiweka mkekani, mpini umwelekee yeye.

"Bismillahi," nikasema. "Ni chako. Si cha kuazima."

Alikitazama. Hakukigusa.

"Maalim, nilimpa yule kijana changu ili wewe ubaki na chako. Nikichukua chako, changu nilikitolea nini?"

"Nitafurahi ukichukua."

"Mimi sitafurahi."

"Idarus, sikirudishi mfukoni."

"Basi kitakaa hapo mpaka Kiyama. Na mimi nitakaa hapa nikione."

Bi Khamisa akapita na ndoo. "Wazee wawili na kisu katikati. Mtoto analia, kuni hazijakatwa." Akakiokota, akaenda kukatia kitunguu.

Jioni kilirudi mkekani, katikati.

Mfunguo Pili 14, Jumatano.

Kisu kiko juu ya ukingo wa birika. Hakina mwenyewe. Kila mtu hukitumia akakirudisha. Asubuhi mimi hukifuta chumvi. Nimeona tone la mafuta ambalo sikulitia mimi.

Mfunguo Pili 20, Jumanne.

Tariq amefika kutoka Mombasa, amekonda, vumbi mpaka nyusi. Ibtisam alimkabidhi mtoto, naye akamshika kama anayeshika maji. Nilitoka nje. Dua yangu imejibiwa yote, sikubakiziwa hata herufi. Nilimkuta Idarus nyuma ya birika akijifanya anatazama mbuzi.

"Umemwambia kijana ya pale kwenye kamba?" akaniuliza.

"Nitamwambia."

"Mwambie nilikuwa hodari. Wewe huwa unafupisha."

Mfunguo Tatu 2, Jumamosi.

Tutakwenda Mombasa baada ya Idi, sote, na Idarus na Bi Khamisa. Hakuna aliyelijadili. Ibtisam alihesabu vichwa tu akasema sita.

Mfunguo Tatu 10, Jumapili.

Sikukuu ya kuchinja. Watu wa hapa wamechinja na kutugawia wageni paja zima, Mungu awazidishie. Kuchinja kulikuwa na visu vyake; cha kwetu kilikuwa cha kukatia vipande.

Nilipotoka msikitini nilisikia sauti niliyoijua ukuta wa pili miaka yote. Mtu anatafuna mchanga. Idarus alikuwa amechuchumaa kwenye ukingo wa birika, ananoa kisu cha baba yangu kwenye saruji. Kinoo kilikuwa hatua chache kutoka kwake, kimezuia mlango.

Aliniona. Akaacha. Akakifuta kwa pindo la kikoi, akaninyooshea mkononi, mpini mbele, kisha akakumbuka, akataka kuinama akiweke chini.

Nikakipokea mkononi mwake kabla hajainama.

Nikakigeuzia kwenye mwanga. Pembeni mwa makali, kutoka karibu na mpini mpaka ncha, umepita mkwaruzo mmoja mrefu, mpana, wa ovyo. Ubapa ule haukuwa na hata alama moja tangu siku za Mtaliano. Nilikuwa na maneno tayari kinywani, yamepangwa vizuri, kila moja mahali pake.

"Sema, Maalim," akasema Idarus. Alikuwa anangoja, uso kama wa mwanafunzi ambaye hakuhifadhi somo na hajuti sana.

Nikakata kipande cha nyama. Kisu kilipita.

"Kinakata," nikasema.

"Kinakata?"

"Kinakata vizuri."

Alicheka kabla hata sijamaliza. Tukakaa tukakatakata paja lote, mimi kipande na yeye kipande, kisu kikienda mkono kwa mkono juu ya sinia, na Tima amelala mapajani mwa Bi Khamisa.

Baada ya chakula nilikiosha, nikakikausha, nikatia tone la mafuta. Nilikwenda mlangoni nikachukua kinoo. Mkwaruzo kama ule huondoka kwa subira ya asubuhi moja. Nikakishika kinoo kitambo, nikakirudisha kuzuia mlango, maana upepo wa kusi umeanza na mtoto amelala.